Maji Moto ya Camille

Camille alikuwa mtu wa kupenda kutazamwa, na hilo tuliseme mapema tusije tukamwonea baadaye. Alikuwa mfanyabiashara wa Butembo mwenye lori lake mwenyewe, na pale Walikale alikuwa amenunua kitu ambacho hakuna mwenzake yeyote aliyekuwa nacho: karavani, nyumba ya bati yenye magurudumu, ya kuburutwa nyuma ya gari. Aliyemuuzia ni mzungu mmoja mpima mawe, aliyekuwa anafunga virago upesi kama wengi walivyofunga mwaka ule wa sitini na saba. Ndani mlikuwa na kitanda, karo la kuoshea vyombo, na ukutani mtambo wa kuchemsha maji kwa gesi. Jiko la gesi Camille alilitoa ili apate nafasi ya rafu za duka. Mtambo wa maji hakuugusa. Huo aliuwasha sokoni mbele ya umati, akafungua bomba, mvuke ukatoka, akina mama wakapiga vigelegele. Siku hiyo kichwa chake hakikuingia kwenye kofia.

Mpango wake ulikuwa kulivuta duka hilo hadi Karuba, kule juu Masisi kwenye baridi. Atauza sabuni, na atakayenunua sabuni atanawa maji moto bure. Nani angepita bila kusimama?

Ndani ya lori alipanda na watu wawili tu. Wa kwanza ni mkewe Kavuo, mwenye mimba ya miezi saba, baada ya mimba mbili zilizotoka kabla ya wakati. Wa pili ni Mama Anastasie, mkulima wa maharagwe wa Karuba, aliyekuwa anarudi kwake. Camille alikubali kumbeba kwa sababu mama huyo alikuwa amezalisha nusu ya kijiji chake, na kwa mimba hii Camille hakutaka mchezo.

Asubuhi ya kuondoka, alimwona Kavuo anatafuna kitu. Akamfumbua kiganja. Udongo! Ule udongo mweupe uliokaushwa, ambao wanawake wenye mimba huutamani hadi mate yawajae. Camille akaunyakua, akautupa mtaroni mbele ya watu wote.

"Muke wangu hawezi kula udongo sawa kuku!" akasema kwa sauti.

Watu wakacheka. Kavuo naye akacheka, kwa mdomo tu, na Camille akadhani yameisha.

Walikuwa wamekwisha kupanda vilima, ukungu umeanza kuwalamba, walipokutana na watu wanakimbia na magodoro kichwani. Wenye bunduki wako barabarani, wanakuja, walisema. Wa upande gani? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyesimama kuulizwa. Camille akaliingiza lori na karavani yake katika njia ya zamani ya wakata mianzi, wakavifunika kwa matawi mpaka bati lisionekane.

Kutoka pale waliuona mlima wa ng'ambo. Nyumba moja ilikuwa inafuka moshi wa jikoni, mtu anapika maharagwe yake bila habari. Wenye bunduki wakaacha barabara, wakaupanda mlima moja kwa moja, wakiufuata ule moshi. Yaliyofuata waliyasikia. Mama Anastasie akajipiga ishara ya msalaba.

"Moto hapana," alisema. "Hata kijiti kimoja hapana. Moshi njo inawaita."

Uchungu wa Kavuo haukungoja ruhusa. Ulimshika mchana huohuo, na mtoto akaja upesi, wa kike, mdogo kiasi kwamba Mama Anastasie alimpokea kwa mkono mmoja. Alikuwa hai. Hakulia. Midomo yake ilikuwa ya bluu na ngozi yake baridi. Kavuo alikuwa amepoteza damu, meno yanagongana, na hakuwa na joto la kumgawia mtu. Mama Anastasie akamweka mtoto kifuani mwake mwenyewe, chini ya kitenge kilicholowa ukungu, akakaa naye hivyo. Baada ya kitambo akatikisa kichwa.

"Papa Camille, mi nataka maji ya moto. Nitajaza machupa, nitamuzungushia mutoto. Na mama yake nitamukanda tumbo. Kama haiko vile, huyu mutoto hatafika jioni."

Camille karibu acheke kwa furaha. Gesi haina moshi! Katika vilima vyote vile, ni nani mwingine mwenye maji ya moto yasiyo na moshi?

"Maji moto?" alisema. "Njo iko!"

Alibonyeza kitufe kama mzungu alivyomwonyesha, akawasha kiberiti, akasogeza mwali kwenye kidirisha cha mtambo. Moto ukashika. Ulikuwa mdogo, wa njano, ukainama kama mtu anayesinzia, ukazimika. Akarudia. Ukashika, ukainama, ukazimika.

Labda gesi imekwisha. Akaliinua tungi la gesi: zito, na ndani kinacheza kitu. Akalegeza mpira wake wa kupitishia gesi kidogo, harufu ikamvaa puani. Gesi ipo. Basi ni uchafu. Camille alikuwa dereva kabla ya kuwa tajiri, na dereva gari likikohoa hukimbilia jikleri, kile kitobo chembamba cha kupitishia mafuta kwenye kabureta. Mtambo nao ulikuwa na jikleri yake. Akaifungua, akaizibua kwa kijiti cha ufagio, akaipuliza mpaka macho yakamtoka. Akairudisha. Akawasha.

Safari hii moto ulirefuka, lakini njano vilevile, ukatoa masizi, ukafa.

"Mzungu ameniuzia takataka!" Akaupiga mtambo kwa ngumi.

"Polepole," Mama Anastasie alimkemea kwa kunong'ona. "Unataka watusikie?"

Kitandani, Kavuo alikuwa anaufuata mkono wa mumewe kwa macho. Akafumbua mdomo. "Papa Camille..."

"Nyamaza! Usinichanganyishe kichwa!"

Kavuo akanyamaza. Tangu aolewe alikuwa ameijua vizuri kazi hiyo.

Maji ya rejeta ya lori yalikuwa yamepoa zamani, na kuiwasha injini ilikuwa sawa na kuwapigia filimbi wenye bunduki. Viberiti navyo vilikuwa vimeshika unyevu, kimoja kinawaka, viwili vinasagika. Camille alichuchumaa mbele ya mtambo, jasho linamtoka katika baridi ile, akajilazimisha kufikiri. Moto wa njano. Masizi. Injini ya namna hiyo ina mafuta lakini haina pumzi. Haina pumzi kwa sababu moshi wake hauna pa kutokea. Matawi! Alikuwa ameufunika mtambo kwa mikono yake mwenyewe!

Alitoka mbio, akayang'oa matawi ubavuni mwa karavani. Tundu la tiyo, bomba la kutolea hewa ya mtambo, likaonekana ukutani, wazi kabisa. Akarudi ndani kwa matumaini hata akasahau kuinama, akajigonga mlangoni. Akawasha.

Njano. Ukainama. Ukafa.

Hapo Camille alilia. Hakulia kiume, kwa kujificha. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, kamasi na vyote. Nyumba yenye maji moto! Alikuwa amewaonyesha Walikale nzima maji moto, sasa damu yake mwenyewe inakufa kwa baridi hatua moja kutoka kwenye bomba.

"Anapumua kidogo kidogo," Mama Anastasie alisema, mkono wake ndani ya kitenge. "Mungu wangu, anapumua kidogo sana."

Ndipo Kavuo alipomvuta mama yule kwa ncha ya nguo na kumnong'oneza. Alimwambia yeye, si mumewe. Alinong'ona maneno machache, akageuzia uso ukutani. Mama Anastasie akamgeukia Camille.

"Papa Camille. Ingiza mukono ndani ya tiyo, kwa inje. Fika mbaka kwa kona. Iko udongo ya Kavuo pale. Alikuficha."

Wazee husema mficha uchi hazai. Hawakutuambia ni nani humfundisha mtu kuficha.

Camille alitoka, akatia mkono katika tundu ambalo mkewe alilidhania halina kazi yoyote, mahali pakavu pekee ambapo macho ya mumewe hayakufika. Akasukuma hadi bega likagota bati. Vidole vikagusa jani la ndizi. Akavuta. Kikatoka kifurushi kilichofungwa vizuri kwa kamba ya mgomba, kimejaa udongo mweupe, na unga wake ukamwagika mkononi.

Kiberiti kilichofuata kiliwaka. Moto ukashika, ukasimama, ukageuka bluu, ukaanza kuvuma taratibu. Camille alibaki amebonyeza kitufe muda mrefu baada ya kuwa hakuna haja, akiogopa kukiachia.

Maji yakaja vuguvugu, kisha moto. Akajaza chupa tupu za bia alizokuwa amezichukua kwa ajili ya duka, Mama Anastasie akazifunga vitambaa, akampanga mtoto katikati yake. Akamkanda Kavuo kwa kitambaa cha moto mpaka meno yakaacha kugongana. Wakangoja. Ng'ambo ya bonde bunduki ililia mara moja, kisha kimya. Na ndani ya vitambaa, midomo ile ikaanza kupoteza ubluu. Mtoto akakunja uso, akatoa sauti nyembamba ya kukasirika, na Mama Anastasie akamfunika upesi, machozi yanamtiririka, anacheka bila sauti.

Camille alikwenda kukaa kando ya kitanda. Kile kifurushi alikuwa bado nacho mkononi.

"Kavuo," alisema polepole. "Ju ya nini haukusema mapema? Mutoto alikuwa anakufa."

"Niliogopa."

"Wale wa bunduki? Wale hawangesikia kama unasema polepole."

Kavuo akatikisa kichwa.

"Wale siwajue," alisema. "Niliogopa weye."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku akikitazama kile kifurushi mkononi mwa mumewe, kama mtu anayeangalia kitatupwa upande gani, apate kujua pa kukiokota. Camille akakifungua kifurushi, akakiweka juu ya mto karibu na kinywa cha mkewe, akarudi kushika bomba, maana kulikuwa na chupa nyingine ya kujaza.