Aliyemwambia Akae

Simu iliingia saa tisa mchana. Shahida alikuwa zamu katika ofisi ya kampuni ya ambulensi, orofa ya tano, katikati ya jiji. Aliyepiga alijitaja kuwa Rachael, kibarua wa duka la uchapishaji. Siku hiyo homa ilimlaza chumbani, katika lojingi moja, nyumba ya vyumba vya bei nafuu, River Road, na sasa jengo lilikuwa linaungua.

"Moshi umejaa kwa ngazi," Rachael alisema. "Nishuke ama nisishuke?"

Shahida alimwambia alichofundishwa. "Usishuke. Funga mlango, loweka nguo uzibe pale chini, kisha ukae dirishani. Zimamoto wako njiani, mdogo wangu. Kaa hapo hapo."

Rachael akakaa. Zimamoto walikwama nyuma ya mikokoteni na magari yaliyoegeshwa ovyo, na dirisha lake lilikuwa na vyuma. Simu ilidumu dakika kumi na moja. Mbili za mwisho Shahida alizungumza peke yake. Watu wanne waliokimbilia ngazini walitoka hai, wamebabuka mikono tu.

Nyumbani, mtaa wa Mountain View, Shahida alishindwa kupika. Mafuta yakitoa moshi kidogo tu, alifungua madirisha yote na kusimama nje hadi harufu iishe. Mumewe, Abdulfatah, alipika wiki mbili. Wiki ya tatu akachoka.

"Hukuungua wewe, Shahida. Basi, yatosha."

Kisha meneja wa Shahida kazini, Debra, akaleta mshauri wa msongo wa mawazo. Mshauri huyo, Fidel, alipanga viti duara akasema kwa upole, "Yanayosemwa hapa yanabaki hapa."

Watu walisema wako sawa. Maxwell, mhudumu wa ambulensi aliyembeba Rachael hadi chini, alisema yeye hulala fofofo. Mikono yake alikuwa ameikalia.

Shahida peke yake ndiye aliyesema kweli. "Nilimwambia akae. Angeshuka, angekuwa hai."

Fidel aliandika. "Asante kwa ujasiri wako."

Siku ya tisa baada ya kikao hicho, Debra alimwita ofisini. Maneno aliyomwambia Fidel yalikuwa mezani, yamepigwa chapa.

"Umekiri kosa," Debra alisema.

"Nilimwambia mshauri."

"Mshauri tunamlipa sisi."

"Lakini nilichomwambia yule msichana kimo kwenye mwongozo wenu!"

"Mwongozo unasema pia utumie akili." Debra alimsogezea barua ya kufutwa kazi. "Familia yake inataka kushtaki. Tumeshawajulisha aliyekosea ni nani na anakaa wapi."

Shahida alitoka na sweta na kikombe chake. Lifti ilipofunguka chini, alimkuta Maxwell akiingoja. Maxwell akageuka, akapanda ngazi orofa zote tano.

Jumamosi asubuhi mlango wa nyumba yao ulibishwa. Alikuwa mama wa makamo, viatu vyake vina matope yaliyokauka.

"Naitwa Nakhumicha. Nimetoka Bungoma. Mimi ni mama ya Rachael." Alimtazama Shahida. "Ni wewe uliambia mtoto yangu akae?"

Abdulfatah aliinuka amzuie, lakini Shahida alishamkaribisha kiti.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Nakhumicha aliketi ukingoni. Chai aliyowekewa hakuigusa.

"Alisema nini mwisho?"

"Aliniuliza, 'Dada, bado uko?' Nikamwambia nipo."

"Halafu?"

"Akakohoa. Kisha sikumsikia tena."

"Hakuniita?"

Shahida alijua jibu linalotakiwa. Lilikuwa neno moja tu, na hakuna ambaye angelipinga. Lakini sauti ya Rachael ilikuwa bado imejaa masikioni mwake, na ndani yake hamkuwa na neno mama.

"Hapana, mama. Hakuita."

Nakhumicha akajifunga leso upya kichwani.

"Ungenidanganya tu," alisema. "Mtoto yangu ulimdanganya watu wanakuja. Mimi, hata hiyo kidogo umeninyima."

Akatoka. Shahida alisimama dirishani akamtazama akiuliza watu njia ya kwenda steji ya matatu. Watatu wa kwanza walimpita bila kusimama. Wa nne akanyoosha mkono kuelekea barabara ya Waiyaki Way, na Nakhumicha akaenda.

"Si ungesema alimwita?" Abdulfatah alimuuliza nyuma yake. "Ungepungukiwa na nini?"

Shahida akakiinua kikombe cha chai kisichoguswa, akakipeleka jikoni.