Ulimzaa?

Karambu alishuka Embu akiwa na shuka mpya ya kumfungia mwanawe. Tangu asikie kuwa mifupa imeokotwa msituni juu ya Kianjokoma, alikuwa ameshaamua ni ya Koome wake aliyepotea, na daktari amalize mambo yake amkabidhi. Nyumbani Kibirichia wanaume walikuwa wakingoja neno waanze kuchimba kaburi. Neno lenyewe lingetoka kwa shemeji yake, Marete, aliyeongozana naye. Tangu mume wa Karambu afariki, Marete ndiye mwenye kauli juu ya shamba.

Daktari Njagi, mtaalamu wa mifupa, aliomba azungumze na mama peke yake.

"Aah, Marete ni wa nyumbani," Karambu akasema. "Wewe sema tu, daktari."

Basi akasema. Nyonga ilikuwa nyembamba, ya mwanamume. Urefu wa mfupa wa paja ulionyesha mtu mrefu. Ncha ya mtulinga, mfupa ule wa chini ya shingo, ilikuwa imeshafunga kabisa, kwa hivyo hakuwa kijana mdogo. Na mkono wa kushoto uliwahi kuvunjika utotoni, ukaunga ukiwa umepinda.

"Alianguka kutoka kwa mkokoteni wa viazi," Karambu akasema, machozi yakimlengalenga. "Ni yeye."

"Hata mimi ningesema hivyo, mama. Lakini DNA ya mate yako inakataa." Njagi alivua miwani. "Kuna sehemu mtu hurithi kwa upande wa mama peke yake. Hiyo inalingana. Zile zingine hazitoshi kuwa za mama na mwana. Kama ni wewe ulimzaa Koome, basi huyu si Koome, na siwezi kukupa. Atazikwa na kaunti bila jina."



"Makosa ni yangu," Njagi akaendelea. "Nilikuuliza kama wewe ni mama yake. Na mimi ni Muembu, dada za mama yangu wote nawaita mama! Ningekuuliza kama ulimzaa."

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza, na sasa anaulizwa Marete akiwa hapo hapo, tena kwa kukaribishwa na yeye mwenyewe. Alijilaani kimoyomoyo. Dada yake Nkirote alifariki huko Muthara akijifungua, hana mume. Karambu, aliyekwenda kumuuguza akakaa miezi, alirudi Kibirichia na mtoto mgongoni. Mumewe, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alikuta mtoto nyumbani akafurahi. Watu wakapiga vigelegele. Ungekuwa wewe, ungeanza kuwasahihisha?

Naye alimjua Marete. Mtoto wa kambo wa jirani yao Mbaka alipofariki, Marete ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema mtoto wa nje hazikwi shambani, na maiti ikapelekwa kwingine. Karambu akinyamaza, Koome atalala bila jina. Akisema, huenda akapata jina akakosa kaburi.

"Sikumzaa," akasema. "Ni wa dada yangu, Nkirote. Mimi nilimlea tangu siku aliyozaliwa."

Njagi aliitikia kwa kichwa. "Basi inalingana. Ni Koome."

Marete aliinuka, akatoka nje na simu. Karambu alifunga macho. Dirisha lilikuwa wazi, na Marete huongea na simu kana kwamba anayemsikiliza yuko ng'ambo ya mto.

"Ndiyo, ni yeye. Chimbeni." Akasikiliza. "Unaniuliza wapi? Kando ya kaka yangu, wapi tena?"

Aliporudi hakuketi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Koome," akasema, "tukishamzika, nitakukasirikia."