Mashuka ya Nyuma ya Mlima

Kisiwa chetu kina mlima katikati, na mlima huo ni mchoyo. Mawingu yote yanayotoka baharini unayakamulia upande wetu, wenzetu wa nyuma yake wanaambulia upepo mtupu. Kwetu viatu viliota ukungu kabatini na kiberiti kilikataa kuwaka. Kwa mama mdogo, kule nyuma, ardhi ilipasuka na maji yalikuwa ya kutafuta.

Mama alikuwa dobi wa nyumba za wageni. Kila Alhamisi tulipakia mashuka mabichi na madumu ya maji kwenye pikapu, tukapanda mlima. Kwenye kona ya juu kabisa mvua ilikatika ghafla kama bomba lililofungwa, mama akazima wipa na kuanza kuimba. Mama mdogo alipokea maji, sisi tukaanika kwenye kamba zake. Hadi mashuka yanakauka, wale ndugu wawili walikuwa wameshausengenya ukoo mzima. Nazikumbuka sana Alhamisi zile.

Mama alipofariki nilirithi kazi, na mwaka huu nikanunua mashine ya kukaushia, nikaacha kupanda mlima. Haukupita muda, simu ikalia.

"Mwanangu, kamba zangu zimekukosea nini?"

Ningemwambiaje mjane anayeishi peke yake kwamba jua lake halihitajiki tena?

"Mvua ilizidi, njia ikateleza, mama mdogo. Alhamisi nakuja."

Siku hiyo nilichukua mashuka yaliyotoka kwenye mashine, makavu kabisa, nikayatumbukiza kwenye beseni la maji na kuyakamua. Njia nzima nilijiona mwehu.

Alikuwa barazani, mfuko umejaa vibanio. Akavuta shuka la kwanza, akalinusa, akanitazama.

"Haya yalishakauka. Umeyalowesha tena."

Nilitamani ardhi inimeze. "Mama mdogo, nimenunua mashine."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Unajua nani mwingine alikuwa na ujinga huu? Mama yako! Kiangazi, jua linawaka mpaka kwenu, yeye bado ananiletea mashuka mabichi. Hayana hata harufu ya sabuni, yananuka maji tu. Nilijua, nikanyamaza."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Angeacha kuja."

Machozi yalinitoka. "Sasa mbona mimi umeniambia?"

"Wewe usijitese kukamua. Lete makavu, tutayaanika hivyo hivyo."

Akanipa ncha moja ya shuka, akashika nyingine, akaanza kuniuliza habari za shangazi yangu.