Sahani ya Askari

Murugi aliijua sauti ya buti tangu akiwa msichana. Wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, buti za askari zilivuka handaki lililozunguka kijiji chao, na kaka yake akatolewa nje, asirudi tena. Sasa uhuru ulikuwa katika mwaka wake wa pili, na Murugi alikuwa na hoteli ndogo ya meza tatu hapa Kiganjo. Wateja aliowategemea walikuwa askari wa kambi ya polisi iliyokuwa karibu. Kila mchana buti zilipogonga saruji ya veranda, aliacha kusonga ugali, akageukia mlango.

Siku hiyo Kefa, askari mrefu kutoka pande za Bungoma, aliketi, akaweka kofia mezani, akaonja ugali mara moja, kisha akaisukuma sahani. Alilipa, akavaa kofia, akaondoka bila neno. Jana yake wenzake wawili walikuwa wamefanya vivyo hivyo.

Theuri, mwenye nyumba, aliyaona hayo akiwa mlangoni.

"Ati hata mbwa atakikataa chakula cha hapa," alisema akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Murugi, kama watu hawaingii, mwisho wa mwezi hii nyumba nampa mtu anayetaka kufungua baa. Yuko tayari."

"Wataingia."

"Basi waulize kwa nini wanakimbia."

"Askari anaulizwa?"

Theuri aligeuka, akaenda zake. Naye alikuwa ameishi katika kijiji kilekile cha handaki.

Murugi akaketi mbele ya ile sahani, akala kidogo. Ugali ulikuwa laini, kama wa mama yake. Hakuona kosa. Labda waliogopa kwamba atawawekea sumu. Labda hawakumtaka tu. Kama ni hivyo, hakuna la kufanya. Lakini kama ni chakula, chakula hubadilishwa, na aliyejua ukweli ni yule aliyeisukuma sahani. Akaifunika kwa kitambaa, akaondoka kabla moyo haujamgeuza.

Kwenye lango la nyumba za askari alisimama mlinzi mwenye bunduki.

"Unatafuta nani?"

Murugi aliitazama ile bunduki, akaona tena mlango wa mama yao ukipigwa teke.

"Mama, nimekuuliza."

"Kefa," alisema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

Mlinzi alimwonyesha nyumba, akamkuta Kefa akipasua kuni, miguu mitupu. Mkewe, Nasirumbi, alikuwa akichambua mboga mlangoni. Murugi alifunua sahani.

"Afande, hii umeikataa. Niambie shida iko wapi."

Kefa alimtazama mkewe kama mtu aliyekamatwa. "Mama, mimi sikutaka maneno. Nikisema chakula ni kibaya, wewe utalia, watu watasema askari amepiga mama wa hoteli."

"Kwa hivyo uliogopa?"

"Niliogopa sana."

Nasirumbi alichomeka kidole kwenye ugali. Kikazama. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Hoteli! Huu ni wa mtoto ambaye hana meno. Mtu wa kwetu anataka ugali ambao ukirushwa ukutani, ukuta ndio unaumia."

"Kwetu tunaupika hivi."

"Na mtoto atashiba. Lakini huyu mwanaume, hapana. Ingia, nikuonyeshe."

Jikoni, Nasirumbi aliongeza unga mpaka mwiko ukakataa kusonga, akaendelea kuusukuma kwa mikono miwili. Kisha akaufunika juu ya moto mdogo. "Usiupakue mpaka unukie," alisema.

Kesho yake buti zilipanda veranda. Murugi aliacha kusonga, akageukia mlango kama kawaida. Kefa aliketi, akaweka kofia mezani, akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akatafuna. Theuri alikuwa tayari mlangoni.

"Bado," Kefa alisema, akasukuma sahani.

Miguu ya Murugi ilitaka kukimbilia jikoni. Akajilazimisha kwenda mezani.

"Bado wapi, afande?"

"Katikati. Nje umeiva, ndani unga ni mbichi."

Alichukua sahani, akarudi jikoni. Akaufunika ugali uliobaki kwenye sufuria, akaondoa kuni moja, akasubiri unukie. Alitega sikio asikie buti zikiondoka, kama zilivyoondoka jana. Hakusikia kitu. Mwishowe akachungulia.

Kofia ilikuwa bado mezani.