Ugonjwa Hauna Kona

Kila Jumamosi ya kiangazi, saa mbili asubuhi, Arlene Kubiak alikaa kibarazani kwake na kikombe cha kahawa akipokea wagonjwa. Majirani wa mtaa ule wa Ohio walimletea vipande vya nyasi za uani ndani ya maboksi ya piza, nusu mbichi nusu kavu, kama alivyowafundisha, maana ugonjwa huonekana mpakani. Akipangusa jani likaacha vumbi la rangi ya chungwa, hiyo ni kutu ya majani. Nyuzi nyekundu nchani ni njaa tu, tia mbolea. Baka la mviringo la kahawia ni kuvu, na wewe acha kumwagilia maji jioni. Hakuwahi kukosea, na kujua kwake kwamba hajawahi kukosea kulikuwa karaha kwa watu.

Merle Hofstetter, mstaafu wa posta aliyeshinda kibao cha Bustani Bora miaka sita mfululizo, alikuja mikono mitupu.

"Njoo mwenyewe, Arlene. Langu haliingii kwenye boksi."

Uani kwa Merle nyasi zilikuwa zimekauka kwa mistari iliyonyooka, upana wa kiganja. Arlene alichuchumaa akaifuata mpaka mwisho.

"Hii si kuvu."

"Umejuaje?"

"Ina kona. Ugonjwa hauna kona, Merle. Chenye kona kimefanywa na watu."

"Mimi sijafanya kitu, jamani!"

"Nani amekutaja?"

Ndipo Bi Odessa Tisdale, aliyefariki miaka thelathini nyuma, akatoka chumba cha nyuma, ndani ya mistari ile, akijifunga aproni, akaanza kukaanga nyanya mbichi.

"Wewe baba, umesimama ukutani," alimwambia Merle. "Mlango uko huku. Na ufute viatu."

"Samahani, mama," alisema Merle, akazunguka, akafuta viatu.

Mistari ile ilikuwa kuta za nyumba aliyoijenga baba yake Bi Odessa mwaka 1921. Mwaka 1961 mji uliivunja, pamoja na nyingine thelathini za watu weusi, ili barabara ipite. Barabara ikapita kwingine, na viwanja wakauziwa wengine.

"Kuku wangu alikuwa na siku kumi na nne juu ya mayai," alisema Bi Odessa. "Bado wiki moja tu, hawakuningoja."

Kuku mwenyewe alikuwa palepale kwenye kona ya jikoni, ameatamia, na hakutaka kuguswa.

Shida ilikuwa chama cha wenye nyumba, kinachosimamia nyua za mtaa. Chama kilitaka ua wa Merle ung'olewe Alhamisi na kutandikwa nyasi mpya, isipokuwa kama una ugonjwa unaotibika. Hapo mwenye ua hupewa wiki mbili za kuutibu. Fomu ya chama, ambayo Arlene ndiye wa kuisaini, ilikuwa na magonjwa manane na visanduku vinane. Nyumba haikuwemo.

Arlene aliishika kalamu muda mrefu. Miaka kumi na tisa ya kutokosea! Roho ilimuuma kwelikweli. Akamtazama kuku, kuku akamtazama.

"Andika basi," Merle alimhimiza. "Au unaogopea jina lako?"

"Nyamaza wewe," alisema Arlene, akatia alama kwenye baka la kahawia, akasaini.

Jumamosi iliyofuata vifaranga kumi na mmoja walitoka. Merle aliwapigia simu wanawe wote watatu. Bi Odessa alicheka mpaka akakaa chini, akaimba, akakaanga nyanya za mtaa mzima, na watu walipanga foleni mlangoni, siyo ukutani.

Wiki mbili zilipoisha, mistari ikiwa bado ipo, mafundi walikuja wakaikunja ile nyasi kama zulia, wakatandika nyingine. Bi Odessa aliinua miguu wapite. Kufikia Agosti mistari ilikuwa imerudi yote, na wa kibaraza juu yake, ambao awali haukuonekana, kwa mvua kupungua au kuzidi, Arlene hakuwa na hakika.

Barua ya chama ilifika mwezi huohuo. Arlene aliisoma jikoni kwa Bi Odessa, vifaranga wakimdonoa kamba za viatu.

"Wameandika nini kuhusu hapa kwangu?" aliuliza Bi Odessa.

"Kuvu, mama. Imetibiwa."

"Kuvu!" Bi Odessa aligeuza nyanya kwenye kikaango. "Kuvu iliyopiga deki miaka arobaini. Na nani kaweka saini?"

"Mimi."

Bi Odessa alimsogezea kiti.

"Haya kula, zinapoa."