Nyumba Isiyokanyaga Udongo

Luka alipofika na kopo lake la rangi nyekundu, Mama Limi alikuwa anapepeta mchele mbele ya nyumba. Alimwomba angoje kidogo, pumba zisije zikanasa kwenye rangi mbichi. Luka, mtaalamu wa miamba wa kampuni ya mgodi, alikunjua kiti chake, akaketi, akangoja. Mchele ulipokwisha alichora ukutani alama ya X ya kuhamishwa, akanawa mikono, akakaribishwa chakula.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Ongeza mboga."

Ilikuwa nyumba ya tatu ya Mama Limi kuchorwa. Ya kwanza ilikuwa shambani kwa wakwe zake, na dhahabu ilikutwa chini ya jiko. Akahamia kijiji ambacho hakuna aliyewahi kuokota hata punje. Mabati yalikuwa bado yanang'aa, dhahabu ilipofika chini ya kitanda. Sasa ilikuwa imemkuta hapa, nje kidogo ya Segese. Ilikuwa inamfuata yeye, kama mbwa wa mtaani anavyojichagulia mtu. Kampuni ilishalijua hilo, ndiyo maana iliacha kutobolatobola ardhi ovyo, ikamweka Luka na kiti chake karibu na mlango wa Mama Limi.

Ubaya ni kwamba dhahabu ikija haiheshimu mipaka ya viwanja. Majirani wote walishachorwa tangu mwaka juzi, dhahabu ilipoanza kumkaribia, na aliyechorwa haruhusiwi kuongeza hata tofali mpaka fidia itoke. Scolastika, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa analala chini ya turubai tangu upepo uezue paa lake. Kuezeka upya kungeongeza thamani ya nyumba, na hilo lilikatazwa. Hata Boaz, marehemu mume wa Mama Limi, hakuachwa apumzike. Kila walipohamishwa alifukuliwa akazikwa upya, na jeneza lake lilikuwa limesafiri zaidi kuliko yeye alipokuwa hai.

Jioni hiyo Mama Limi alimwita Ngassa, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, nimechoka kuhamishwa. Nataka kufa kwenye nyumba ambayo hakuna mtu atakayenitoa. Nyumba isiyokanyaga udongo."

Ngassa alifikiri. "Hiyo ni mashua."

"Basi twende tukatafute mashua."

Ngassa hakuwahi kununua mashua. Alikuwa amenunua ng'ombe maisha yake yote, na hakuona sababu ya kubadili utaratibu. Walipofika Nkome, kando ya ziwa, alivaa kofia yake ya mnadani.

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya mashindano. Ngassa alizitazama mbavu zake. "Hii ni ya kukimbia tu. Ukiitwisha vyombo vyako vya ndani italala njiani." Ya pili iling'aa kwa rangi mpya. Aliinusa, akauliza kwa nini wameiogesha siku wanayokuja wateja, akakwangua kwa ukucha. Chini ya rangi mbao zilikuwa zimelika na wadudu.

Ya tatu ilikuwa ya Liaquat, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Geita mjini. Aliiunda kwa mvule ili akistaafu azunguke ziwa na mkewe. Mkewe alipanda mara moja, akashuka, akasema yeye ataizunguka sebule. Ilikuwa nzito, pana, yenye tumbo kubwa, jiko lililofungwa lisiyumbe, pipa la maji ya kunywa na matanga mawili ya turubai nene. Ngassa aliigonga ubavu kwa kifundo cha kidole, mbele hadi nyuma, sikio limebanwa kwenye mbao.

"Mama yake yuko wapi?"

Liaquat hakucheka. "Niliiga mashua ya marehemu babu. Ilizeeka, ikaozea hapo ufukweni."

"Haikuzama?"

"Haikuzama."

"Inakula nini?"

"Upepo. Na lami kidogo kila kiangazi."

Mama Limi alikuwa na swali moja tu, kama kuna kitanda kirefu cha kumtosha Boaz. Liaquat alipima. Kilikuwepo, upande wa mbele.

"Tunaichukua, Baba Mehjabin," Mama Limi alimwambia Liaquat, akimwita kwa jina la binti yake.

Ngassa akadai apewe na kamba, kama alivyozoea kudai mnadani.

Boaz alifukuliwa mara ya mwisho, akalazwa kwenye kitanda chake. Padri alibariki mashua na kaburi kwa sala moja. Liaquat alikuja kila Ijumaa baada ya swala kumfundisha Mama Limi kusoma upepo, na mvua za vuli zilipoanza hakuhitaji tena mwalimu.

Asubuhi alipotweka matanga, vyombo viligongana kabatini Segese nzima. Scolastika alisikia kitu kizito kikipita chini ya kitanda chake kuelekea kaskazini. "Mama Limi ameondoka," alisema, akaendelea kukoroga uji. Dhahabu ilipita chini ya barabara ya Geita, ikaingia ziwani. Mchana Mama Limi aliiona chini ya mashua, njano, pana, ikihema kwa kuchelewa.

"Nifuate sasa!" akaiambia, akacheka mpaka akashika mlingoti.

Haikuwahi kutulia chini yake, kwa kuwa yeye hakutulia juu yake. Alizunguka visiwa vya Kome na Maisome, akafika Ukerewe, akavuka hadi Bukoba, akaendelea mpaka upande wa Uganda na kurudi. Kila mwalo wa wavuvi alioupita, wanawake walipiga vigelegele. Alipika wali wake, alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu ujana wake, na asubuhi alimsimulia Boaz walikofika. Boaz alikuwa mtu wa kukaa kimya hata zamani.

Segese, mitambo ilipandisha udongo mtupu. Majirani walikwenda ofisini kuomba alama zifutwe, kwa kuwa chini yao hakukuwa na kitu tena. Walijibiwa kwamba haiwezekani. Mama Limi angeweza kurudi siku yoyote kuwasalimia.

Luka alikuja na boti ya injini ya kukodi, akamkuta karibu na Maisome.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimetumwa kwanza. Wanakuomba urudi. Chagua kiwanja popote. Watakujengea nyumba ya matofali ya kuchoma, umeme, kisima cha ndani. Mzee Boaz watamwekea marumaru."

Mama Limi alifurahi, na hakuficha. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wakimwambia ondoka. Leo walikuwa wamekodi boti kuja kumwambia tafadhali.

"Scolastika amefutiwa alama?"

"Bado, mama."

"Ameruhusiwa kuezeka?"

"Bado."

"Basi na mimi bado."

Alimpakulia wali na sato, akampitishia sahani juu ya maji. Luka alikula akiwa amesimama, akarudisha sahani, akashukuru. Ilimbidi awahi, maana mvua zilikuwa zimefifisha alama za Segese na kesho yake alipangiwa kuzipaka upya. Mama Limi alimtakia safari njema, akavuta kamba. Tanga likajaa upepo, mashua ikainama kidogo na kushika njia ya Ukerewe, na chini yake dhahabu yote ya Segese ikageuka, ikamfuata.