Unyevu Ulioonekana Ijumaa Asubuhi

Huku Uingereza ahadi si deni. Aliyewahi kununua nyumba anajua, na ambaye hajanunua na ajue leo. Mnaweza kukubaliana bei, mkapeana mikono, dalali akasimika bango la "Imeuzwa" mbele ya ua, mkawalipa wapimaji na mawakili miezi na miezi, na bado hakuna aliyefungwa na chochote. Mpaka mikataba itiwe saini na mawakili wabadilishane, kila mmoja ana ruhusa ya kumgeuka mwenzake. Wenyewe wanauita uhuru. Mimi nina jina jingine.

Kijiji chetu cha Askerby kilikuwa cha mgodi wa makaa. Wakati wa ule mgomo mkubwa, mume wangu na Wilf, mume wa Mavis wa nyumba ya pili, walikaa mwaka mzima bila mshahara, na Mavis ndiye aliyesimamia masufuria katika ukumbi wa wachimbaji. Mwanangu Darrell alikuwa na miaka minne. Viazi vya Mavis ndivyo vilivyomkuza. Mgodi ulipofungwa tuliahidiwa kwamba sisi wapangaji ndio tutakaouziwa nyumba kwanza. Tuliahidiwa kwa mdomo. Kisha wenye mgodi wakaipiga mnada safu nzima ya nyumba zetu huko London, nasi tumo ndani, kama mbuzi wanaouzwa pamoja na zizi. Hapo ndipo nilipoanza kwenda maktaba kujisomea sheria, na hasira niliyoianza siku ile sijaimaliza.

Wilf na Mavis walihangaika mpaka wakainunua yao. Mwaka jana, Wilf akiwa ameshatangulia na magoti ya Mavis yamekataa ngazi, akaamua kuiuza ahamie Filey, kwenye nyumba ndogo isiyo na ghorofa karibu na binti yake. Darrell akaitaka, akae na mkewe Kirsty na watoto wao. Wakakubaliana pauni laki moja na arobaini elfu jikoni kwa Mavis, juu ya chai na keki ya tangawizi, wakapeana mikono mbele yangu. Nami nikamwahidi Darrell akiba yangu yote, pauni elfu ishirini, aongezee kwenye malipo ya awali. Benki ikataka barua yangu kwamba hiyo ni zawadi, si mkopo, na kwamba sitakuja kudai hata chumba kimoja. Nikaiandika.

Ijumaa ya kubadilishana mikataba, Mavis aliingia kwangu kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Hilo ni kawaida yake. Kutoka nje na viatu vya ndani si kawaida yake.

"Avril, hivi nyumba yangu ina unyevu?"

"Ya nani haina?"

"Wakili wangu kapiga simu. Anasema Darrell kaona unyevu ukutani, kwa hiyo anapunguza elfu kumi na mbili. Anataka jibu kabla ya saa sita mchana."

Nilivuta kiti nikakaa. Safu yetu yote ina unyevu tangu ilipojengwa. Darrell mwenyewe alikua akiuchora kwa kidole ukutani chumbani mwake. Na ripoti ya mpimaji aliyeikagua nyumba alikuwa nayo tangu Februari.

"Lakini si imeshauzwa? Bango si lile pale nje?"

"Bango ni ubao tu, mwenzangu."

"Alinipa mkono."

"Najua. Nilikuwepo."

"Kwa hiyo siwezi kumshtaki?"

"Huwezi."

"Na nikimkatalia?"

"Ataondoka. Wewe utakosa pesa, na yule mzee anayekuuzia nyumba ya Filey atamuuzia mwingine. Ndiyo maana Darrell kangoja mpaka leo."

Mavis alivitazama viatu vyake. "Wakili anasema na mimi nimkate yule mzee wa Filey hizohizo elfu kumi na mbili. Eti ndivyo watu wanavyofanya, kila mtu anamsukumia wa mbele yake. Nikamwambia yule mzee ana mke mgonjwa. Akanijibu hilo si suala la kisheria."

"Sasa utafanyaje?"

"Simkati mzee wa watu mimi. Nitabaki na ngazi zangu." Akajaribu kucheka. "Nitahamishia kitanda jikoni, angalau nitakuwa karibu na birika."

Nilivaa koti juu ya aproni nikaenda njia panda, kwenye gereji ya matairi anakofanya kazi Darrell. Aliponiona tu akaweka spana chini.

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu, huo unyevu umeuona lini?"

"Kila mtu anafanya hivi. Jamaa mmoja hapa kapunguza elfu ishirini asubuhi ya siku yenyewe. Ni halali."

"Nani kasema si halali? Ingekuwa haramu ningekuja na polisi. Yule mama alikulisha, Darrell."

"Ahaa, sufuria. Nilijua tu tutafika kwenye sufuria." Vijana wawili waliokuwa wakifungua gurudumu walicheka. "Mgomo umepita miaka arobaini, Mama. Viazi vyenyewe nitavilipa mpaka lini?"

"Hudaiwi viazi. Unadaiwa neno lako."

"Neno si mkataba. Nani alinifundisha hivyo kama si wewe?"

Kweli nilimfundisha. Nilimfundisha ili asiibiwe.

"Vizuri," nikasema. "Basi na zawadi ya kuahidiwa si mkataba. Zile elfu ishirini bado ziko kwenye akaunti yangu. Wakili wako anazingoja leo. Sizitumi."

Alidhani natania. "Si uliandika barua?"

"Barua inasema nikikupa itakuwa zawadi. Haisemi lazima nikupe. Muulize wakili wako, na umlipe kwa swali hilo."

"Bila hizo benki haitoi mkopo."

"Najua."

"Nimeshaaga kule ninakopanga. Kirsty kashanunua vitanda vya watoto. Mama, uliniahidi."

"Ndiyo. Nilikuahidi."

Vijana hawakucheka tena. Mmoja alijifanya anatafuta kitu chini ya gari.

"Wapigie mawakili," nikasema. "Bei ileile mliyokubaliana, na pesa nazituma sasa hivi. Au usipige, mimi nirudi zangu nyumbani."

Alinigeuzia mgongo, akapiga. Nilimsikia akisema, "Bei ya mwanzo." Kabla ya jioni mikataba ilikuwa imebadilishwa.

Mavis hakuambiwa zaidi ya kwamba mnunuzi amebadili mawazo. Siku ya kuhama alimkabidhi Darrell funguo pamoja na keki ya tangawizi nzima, akaniambia mbele yake, "Kijana mzuri huyu, alikaa akafikiri." Darrell akaipokea keki.

Jioni hiyo alikuja mlangoni kwangu, asiingie.

"Ungefanya kweli? Ungetuacha barabarani, mimi na wajukuu zako?"

"Ndiyo."

"Basi hatuna tofauti, mimi na wewe."

Akaondoka kabla sijafungua mdomo. Bungeni wanaijua sheria hii tangu nikiwa msichana. Kila kizazi huunda kamati, hunywa chai yake, hutawanyika. Wameacha uungwana wa nchi nzima utegemee kama muuzaji ana jirani mkali au hana, kisha mtu akitumia ukali huo, mwanawe anamwita mwizi mwenzake.

Siku hizi Kirsty huwaleta watoto mpaka kwenye lango langu, yeye Darrell hubaki ndani. Ninazo hoja za kumjibu, nyingi tu. Kila jioni nazipanga upya jikoni, huku nikimsikia, kupitia ukuta tunaochangia, akiwasha televisheni. Hajaja kuzisikiliza.